Mifuko Minne ya Udongo

9 Januari

Kwako Kaka,

Shikamoo. Natumaini kifua cha wifi kimetulia na wanao wameacha kupigana juu ya ile baiskeli. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi hakiniachi. Sikihesabu kuwa ugonjwa, maana vumbi ndilo linalonilipia kodi. Bado napanga chumba kile kile cha juu ya duka la vyuma. Mwenye duka akianza kukata nondo asubuhi, meno yananicheza mdomoni, nakukumbuka wewe.

Mwambie Mama sweta aliyonifumia ninaivaa kazini. Imeshatobolewa na tindikali kwenye mkono, lakini hilo usimwambie.

Sasa nije kwenye jambo. Ulisema ukimaliza kazi ya shule utaanza kumjengea Mama kwenye kile kiwanja cha chini ya kilima. Tafadhali usianze kabla hatujaujua udongo wake. Hapa maabara mkuu wangu amenikabidhi kazi ya kueleza aina moja ya udongo mwanzo hadi mwisho: una nini ndani, mvua inaufanya nini, na unakaa sehemu gani za ardhi. Tumechagua udongo wa chini ya vilima vya upande wetu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuushughulikia. Nikifanya vizuri nitathibitishwa kazini. Nikiharibu, nitaendelea kuwaoshea wenzangu chupa.

Ruhusa ya safari wameninyima, kwa hiyo mkono wangu huko ni wewe. Chimba shimo linalozidi kimo chako. Upande mmoja uukate wima, uwe laini, matabaka yaonekane. Chukua udongo wa kila tabaka, uutie kwenye mfuko wake, usichanganye, uandike namba kwa wino usiofutika na unene wa tabaka lenyewe. Tutakuwa tumefanya mambo mawili kwa shimo moja: mimi napata udongo, na Mama anapata nyumba isiyomwangukia.

Na kaka, nakuomba, usiandike "Mama Vumbi" juu ya bahasha. Karani wa mapokezi aliusoma utani wako kwa sauti.

Mdogo wako.


4 Februari

Kwako Mama Vumbi (juu ya bahasha nimeandika jina lako la shule, humu ndani ni kwangu),

Marahaba. Wifi yako anakusalimu, anasema sasa anakohoa kwa mazoea tu. Baiskeli imevunjika, kwa hiyo vita vimekwisha.

Habari isiyo nzuri ni ya Mama. Alianguka na ndoo ya maji pale kwenye ngazi za nyuma, akaumia nyonga. Usianze kulia, anatembea. Lakini daktari wa zahanati amemkataza kubeba chochote kizito tena. Unamjua Mama, amesema yule daktari bado mtoto. Nikitoka kazini nakuta ndoo imehama mahali, na yeye amekaa anafuta jasho kama vile ndoo ilitembea yenyewe.

Ndiyo maana nyumba haiwezi kungoja. Nitamwekea bafu ndani, na nje ya dirisha la chumba chake nitasimamisha tangi juu ya nguzo nne, maji yashuke yenyewe hadi kwenye bomba. Tangi la zege. Ya bati yanaoza, sitaki aibu.

Shimo lako nimelichimba. Ukuta nimeunyoosha kwa uzi wa timazi na pima maji, maana sijui kufanya kazi ovyo hata iwe ya siku moja. Mafundi wenzangu walikuja kuchungulia wakauliza ni tajiri gani amekufa. Matabaka ni manne. Nimeyafuata moja baada ya jingine kwa mpangilio wake, kama kozi za tofali, safu kwa safu, namba moja hadi nne. Kila mfuko nimeufunga mwenyewe na kuuandika. Nimempa dereva wa lori la saruji auteremshe mzigo mlangoni kwenu.

Jibu upesi. Mama anaulizia nyumba kila jioni na mimi nimeshamaliza visingizio.

Kaka yako, Timazi.


18 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Poleni sana na Mama. Nililia, ndiyo, kwenye stoo ya chupa ambako hakuna anayeingia. Mwambie ndoo aiache, ni amri yangu. Najua atacheka. Dawa ya kuchua imo ndani ya kifurushi, na kitambaa ni cha wifi.

Mifuko ilifika salama. Udongo wako nimeukausha, nimeuponda, nimeuchekecha, nimeuzamisha kwenye mitungi ya kioo nione kipi kinatua kwanza na kipi kinakataa kutua. Nikupe majibu kwa lugha ya nyumbani.

Mfuko wa kwanza ni balaa. Ni mfinyanzi mzito. Ukinywa maji unavimba kama unga uliotiwa hamira, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Donge dogo nililoliweka majini lilipasua kikopo. Mfuko wa pili ni ndugu yake, mpole kidogo. Mfuko wa tatu ndio rafiki yetu: una mchanga, unashikana, maji yanapita, na wala haujali mvua au jua. Wa nne ni mweusi, laini, umejaa mboji.

Basi sikiliza. Msingi wote, wa nyumba na wa tangi, ukae kwenye udongo wa mfuko wa tatu. Wa kwanza usiuguse hata kwa jiwe moja.

Mkuu wangu alipoona majibu aliniita ofisini akafunga mlango. Nikadhani nimeharibu kitu. Kumbe amefurahi! Anasema mpangilio wa namna hii haujawahi kuandikwa popote. Kinachomvutia zaidi ni ule mweusi wa mfuko wa nne, na nina habari ndefu ya kukueleza juu yake, lakini ni mambo ya kale, nitakusimulia tukionana. Nitawasilisha mbele ya wakubwa mwezi wa nane, na shimo lako ndilo litakalosimama kama mfano wa aina nzima. Kaka, umenitoa kwenye kuosha chupa!

Mdogo wako.


10 Mei

Kwako Profesa,

Marahaba. Sote wazima. Wifi yako ameshona kile kitambaa, sasa anatafuta harusi ya kukivalia na hakuna anayeoa.

Msingi umeshakauka na kuta zimefika madirishani. Umeniokolea jasho! Nilijiandaa kuchimba hadi kifuani, kumbe mfuko wa tatu nimeukuta magotini tu. Vibarua wangu wanakuombea maisha marefu. Huko kwenye mfuko wa kwanza sikugusa kabisa, kama ulivyosema. Watu wananiuliza mbona msingi mfupi, nawaambia mimi nina dada maabara, nyie mna nani?

Nguzo za tangi zimesimama. Nimezipima pande zote, timazi haikucheza hata unywele. Mama aliletwa kwa kiti kuja kuona. Akagusa ukuta wa chumba chake kila pembe, akauliza bomba litakaa wapi, nikamwonyesha. Halafu akasema dirisha ni dogo. Nikajua amefurahi.

Atahamia kabla ya mwezi wa saba. Mvua ikija itamkuta ndani, tangi litajaa lenyewe kutoka kwenye paa, na ile ndoo nitaitoboa kwa msumari mbele ya macho yake.

Timazi.


23 Juni

Kaka,

Shikamoo. Hongera kwa nyumba, na dirisha usilibadilishe, angelalamika hata ungemjengea ukuta wote kwa vioo. Huku ni baridi na kazi. Nalala na karatasi kitandani.

Nina maswali machache, usiyatilie maanani sana, ni mambo ya ofisini tu. Je, mifuko uliifunga wewe mwenyewe, au kuna kibarua aliyekusaidia? Inawezekana udongo ulichanganyika njiani, au namba zilifutika ukaziandika upya? Hapo kiwanjani, juu ya ardhi, unaona vijiwe vyeupe kama chokaa? Na mto, umewahi kufika hapo kwa mafuriko, hata wakati wa babu?

Nataka tu kuhakikisha kabla ya mwezi wa nane. Wakubwa wanapenda kuuliza.

Mama ameshahamia? Kama bado, si lazima mharakishe. Plasta ikauke vizuri kwanza.

Mdogo wako.


5 Julai

Kwako dada,

Marahaba. Tuko salama.

Mifuko niliifunga kwa mikono yangu. Namba niliziandika kwa mkono wangu. Kibarua hakugusa. Vijiwe vyeupe juu ya ardhi hakuna. Mto haujawahi kufika, uko chini huko, hata wewe unajua, tulikuwa tunateremka kuufuata.

Nimejenga tangu wewe unasoma shule ya msingi na hakuna ukuta wangu uliowahi kurudiwa. Kama wakubwa wako wana shaka na mkono wangu, waje wachimbe wao. Kazi yako niliifanya bure, tena kwa moyo, na sasa naulizwa kama mwizi.

Mama amehamia. Plasta ilishakauka.

Kaka yako.


2 Septemba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, hata kama hutaki kuipokea. Hii ni barua ya pili tangu ya kwako ya mwezi wa saba. Ya kwanza sijui kama ilipotea au uliiweka chini ya kopo la rangi.

Nilikuumiza na sikukusudia. Hakuna anayekuita mwizi. Mimi mwenyewe nikiambiwa nipande juu ya jengo lolote la mji huu nitauliza kwanza fundi ni nani, na nikiambiwa ni wewe nitapanda.

Niliwasilisha. Walipiga makofi, nimethibitishwa kazini, na nimepewa meza ya dirishani. Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi. Tangu hapo nashinda idara ya hali ya hewa, kwenye chumba chenye feni mbovu, nanakili mvua za kwenu za miaka yote iliyopimwa. Mvua za kwenu si haba kabisa. Nilikuwa nimesahau. Nimeomba na ramani ya miinuko ya kijiji chetu, bado hawajaileta.

Niambie tu habari za nyumba. Mama analala vizuri? Kuna lolote lililobadilika? Hata liwe dogo, niandikie. Nitakaa na meza yangu ya dirishani nikingoja.

Mdogo wako.


21 Oktoba

Kwako Mama Vumbi,

Marahaba. Barua zote mbili zilifika. Zilikuwa chini ya kopo la rangi, umebahatisha. Wifi yako ndiye aliyenisema mpaka nikachukua kalamu. Anasema wanaume wa ukoo wetu hununa kama watoto walionyimwa sukari. Hongera kwa meza.

Mvua imeanza, tena imeanza kwa hasira. Hii ni wiki ya nne haijakata. Tangi limejaa hadi linafurika. Mama alifungua bomba la bafuni asubuhi, akalifunga, akalifungua tena, akaita majirani waje waone. Siku hizi anaoga mara mbili, na akitoka ananukia sabuni hadi barabarani.

Uliniuliza kama kuna lililobadilika. Hakuna la maana. Mlango wa chumba chake unakwaruza sakafu, nimeupiga randa mara tatu, na sasa dirisha nalo linakataa kufungwa. Mbao za siku hizi zinakatwa mbichi, zikipata unyevu zinavimba. Mama amemvaa fundi seremala, anamwita tapeli kila akipita, na yule bwana sasa anazunguka njia ya nyuma. Kuna nyufa ndogo kwenye plasta, za kawaida, nimeziziba Jumapili na kuzipaka rangi.

Mengine yote ni mazuri. Nguzo ziko imara.

Timazi.


29 Oktoba

Mtoe Mama ndani ya nyumba sasa hivi. Usimalize kusoma. Mtoe kwanza, halafu fungua maji ya tangi yote yamwagike, kisha urudi usome.

Mlango haujavimba, Kaka. Nyumba inanyanyuliwa kutoka chini.

Nimejaribu simu ya posta, karani anasema waya wa kwenu umeanguka na mvua. Kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la saruji, na nimemwapisha asisimame popote.

Sikiliza jinsi tulivyokosea. Wewe ni mwashi. Kozi ya kwanza ni ya chini, ndivyo ulivyofundishwa, na ndivyo ulivyohesabu udongo: mfuko wa kwanza ukautoa chini kabisa ya shimo, ukapanda hadi wa nne kwenye majani. Sisi wa udongo tunaanzia juu, pale ng'ombe anapokanyaga, tunashuka. Mimi niliposoma "moja" nilijua ni la juu. Sikukuambia uanzie wapi kwa sababu haikuniingia akilini kwamba kuna mtu angeanzia chini. Na wewe hukuuliza kwa sababu haikukuingia kwamba kuna mtu angeanzia juu.

Nilipokuambia uweke msingi kwenye mfuko wa tatu, nilidhani nakupeleka chini, kifuani, baada ya kuutoa mfinyanzi wote. Wewe ukaweka magotini, juu kabisa, na lile balaa lote likabaki chini ya nyumba likisubiri mvua. Tena uliniandikia! Ulisema magotini. Nilisoma, nikacheka na wewe, nikarudi kwenye ripoti yangu.

Kuna jambo jingine na nitalisema. Mwezi wa sita nilidondoshea tindikali udongo wa mfuko wa kwanza ukatoa povu. Maana yake una chokaa. Mahali penye mvua kama za kwenu chokaa haikai juu, maji huishusha chini. Nilijua kuna kitu hakikai sawa. Ndiyo sababu ya yale maswali. Lakini sikukuambia ninachoogopa, kwa sababu jina langu lilishapelekwa kwa wakubwa na hadithi yangu ya udongo wa kale uliofukiwa na mafuriko ilikuwa nzuri mno. Ramani imeletwa jana. Mto haungeweza kupanda hapo hata ungelazimishwa. Leo nimeufungua tena mfuko wa nne, ule mweusi niliouita wa kale, nikauangalia kwa lenzi. Una mizizi mibichi ya nyasi.

Nguzo za tangi zimebeba uzito mahali padogo. Mfinyanzi hauvimbi sawasawa, kona moja inaweza kupanda nyingine ikabaki. Tangi likilala, linalala upande wa dirisha la Mama. Usiende kupima. Usizibe ufa. Usipige randa kitu chochote. Mtoe tu.


14 Novemba

Dada yangu,

Mama ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua umekaaje.

Dereva alinikuta kwa Mama, nimekaa pembeni ya kitanda chake, anakunywa chai. Unajua barua zako huwa namsomea kwa sauti. Nikapasua bahasha, nikasoma kama kawaida: "Mtoe Mama ndani ya nyumba sasa hivi." Nikasikia sauti yangu inasema hivyo. Barua haina shikamoo, haina wifi, haina chochote. Mama akaweka kikombe chini. Nilitegemea ubishi. Alisema, "Basi nishike mkono." Mlango ulikataa kufunguka, nikaupiga teke ukang'oka na bawaba zake, tukatoka na mvua ile hadi barazani kwa jirani.

Nikarudi kwenye tangi. Uliniambia nisipime, nikapima. Timazi niliyoishusha kwenye nguzo ya nyuma ilikaa mbali na nguzo upana wa kiganja. Dada, sikushtuka. Ile nguzo niliiona imeanza kuinuka tangu wiki ya kwanza ya mvua. Nyufa sikuziziba Jumapili moja, niliziziba kila Jumapili, nazipaka rangi ikauke kabla majirani hawajatoka kwenye ibada. Kwenye barua yangu nilikuandikia nguzo ziko imara huku nimeketi naitazama. Nilikuwa nimewaambia watu wote nina dada maabara. Ningeanzia wapi?

Nilifungua koki, maji yakatoka kidogo kidogo, maana kutu ilishaingia. Kesho yake saa za chai tangi bado lilikuwa na nusu. Tulikuwa barazani kwa jirani, sote tunalitazama. Halikupiga kelele kubwa kama nilivyodhani. Nguzo ya nyuma ilikatika katikati, likazunguka kidogo, likaingia kupitia dirisha na ukuta wake wote. Kitanda hakionekani. Nimefukua siku mbili na nilichopata ni kikombe chake cha chai, nacho kipande.

Yule seremala alikuja kutupa pole, maskini, na Mama amemwomba radhi.

Kazini kwako usiache kusema. Najua watakunyang'anya ile meza. Sema hivyo hivyo, waandike upya. Hapa nimeshawaambia wote walionisikia nikijitapa, na wawili waliokuwa wananingoja nianze kwao wamechukua fundi mwingine. Ni haki yao.

Lakini si hilo lililonifanya nishindwe kuandika hadi leo. Jioni ile ile, tangi likiwa limeshalala chumbani kwake, nilikwenda nikapiga magoti mbele ya kiti cha Mama nikamwambia, "Mama, nimekujengea vibaya, na nilijua, nikanyamaza." Nilidhani atanipiga, au atalia. Akasema alikuwa anasikia. Kila siku akijilaza, nguzo inalia nje ya dirisha kama mtu anayekunja vidole. Aliona maranda sakafuni kila nikiondoka. Rangi mbichi alikuwa anaisikia harufu yake kila Jumapili.

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini uliendelea kulala humo?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Nina watoto wawili," akasema. "Mmoja anajenga, mwingine anapima udongo. Nikasema, kungekuwa na hatari, mmoja wao angeniambia."

Njoo, dada. Omba ruhusa, wakikunyima njoo hivyo hivyo. Mimi peke yangu nimeshindwa kumjibu.

Kaka yako.